Njia ya Bahari Mpaka Mlango wa Duka Langu

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali na miguu yako imekataa kukusikia, soma pole pole. Mimi si daktari. Shule niliiacha darasa la tatu, na kila kitu nilicho nacho nimekitoa ardhini kwa jembe, halafu kwa mwiko wa fundi, halafu kwa duka. Usitarajie nikueleze jinsi kifua kikuu kinavyoingia ndani ya mgongo wa mtu ambaye hata hakohoi. Niliuliza, nikaelezwa vizuri, nikasahau. Nitakueleza mambo ya kungoja, mambo ya mwili, na mambo ya mlango mmoja.

Mlango huo ni wa duka langu hapa Migwani. Nauza simiti, misumari, mabati, kamba na majembe. Jengo nililijenga kwa mikono yangu, na nililiinua juu kwa ngazi za mawe kwa sababu mvua ya hapa ikinyesha kweli, inashuka na barabara kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Kila mtu alikuwa anapanda kunifikia. Nilipenda hivyo, sitadanganya. Halafu ugonjwa ukaja, na kitu nilichokitaka kuliko hata kutembea kikawa hiki: kuingia hapo kwa mlango wa mbele, siku ya soko, watu wakiona, bila kubebwa.

Ugonjwa ulianza wakati wa kuchuma ndengu. Mgongo uliniuma. Sasa, mtu ambaye amebeba simiti maisha yake yote, mgongo ukiuma si habari. Nilikandwa na mama mmoja anayejua kukanda, nikapakwa mafuta, nikarudi kazini. Jasho likaanza kunitoka nikiwa nimekaa tu. Suruali ikaanza kuteremka. Mke wangu, Mbinya, alichoma mshipi wangu tundu jipya kwa msumari wa moto, baada ya muda akachoma lingine, na lile la tatu akasema, "Baba Mwende, huu mshipi sasa unakuzunguka mara mbili. Twende hospitali ama nikupeleke kwa fundi wa nguo?"

Sikwenda. Mbaazi zilikuwa zimeanza kukauka shambani nilipoteremka kitandani asubuhi moja na miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Niliiona pale chini, lakini ilikuwa kama imeazimwa.

Hospitalini Kitui nilijifunza kungoja. Nataka ujue hili mapema: benchi la hospitali linatembea. Wa kwanza akiingia kwa daktari, wote wanasogea matako kidogo, na hivyo ndivyo foleni inavyojulikana. Lakini mtu wa kiti cha magurudumu hayuko kwenye benchi. Yuko kando, njiani, wanamzunguka kama wanavyozunguka ndoo ya kupigia deki. Siku yangu ya kwanza watu walisogea na kusogea, wengine waliokuja nyuma yangu wakaingia, na mimi nikabaki nikitazama. Mtu kama mimi haombi nafasi.

Mama mmoja mzee kutoka Zombe, aliyekuwa ameleta jicho lake, alinitazama kwa lile lingine akaniuliza, "Wewe uko nyuma ya nani?"

"Sijui, mama."

"Basi uko nyuma yangu." Halafu akapaza sauti, benchi zima likasikia: "Huyu mzee yuko nyuma yangu! Anayetaka kumruka aniruke mimi kwanza!"

Akavua leso yake ya begani, akaiweka pale kwenye benchi kando yake, na kila waliposogea aliivuta ile leso. Leso ilikuwa mimi. Tangu siku hiyo, kila kliniki, Mbinya aliweka leso kwenye benchi. Fanya hivyo. Inafanya kazi.

Dawa zilikuwa vidonge vikubwa, na mkojo ulitoka mwekundu kama maji ya udongo wetu. Nesi alikuwa ameniambia, lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili. Niliita Mbinya, nikamwambia nakufa. Akaangalia, akasema, "Hiyo ni dawa inaosha sufuria," akaenda kuinjika muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa.

Nyumbani nilikuwa mgonjwa mbaya. Mbinya alinigeuza upande mmoja, halafu mwingine, ili ngozi isioze, na mimi nilimgombeza kwa sababu alikuwa na nguvu na mimi sina. Siku moja aliniacha nusu nimegeuzwa, akaenda akakaa nje akisokota uzi wa katani wa kiondo chake mpaka hasira yangu ikaisha. Halafu akarudi akamalizia nusu iliyobaki.

Watu wa kanisa walikuja kuniombea wakasimama mlangoni. Mlangoni! Wakaomba kutoka huko kama wanaita mbuzi. Mbinya akawaambia, "Ingieni. Huu ugonjwa ni wa mgongo. Kwani mnataka kushikwa na mgongo wake?" Mchungaji akaingia kwanza, akaketi kitandani kabisa, karibu na miguu yangu. Sikumsikia akiketi, lakini nilimwona, na nikamheshimu.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokatika, nilikuwa naweza kukaa wima bila lile koti gumu la kushika mgongo nililovalishwa hospitalini. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vimeanza kucheza. Daktari alisema miguu inaweza kurudi kidogo, labda ya kusimamia, lakini nijiandae kuishi na kiti. Nikasema sawa. Basi mlango ujiandae pia.

Nikiwa kitandani nikatuma fundi ajenge rampu, mteremko wa kupandishia kiti. Nilimpa vipimo mwenyewe. Mimi nimejenga Migwani hii, nani atanifundisha rampu? Rampu ninayoijua ni ile ya wilbaro: unaegemeza ubao kwenye ukuta, mtu anarudi nyuma, anakimbia na mchanga wake, anapanda kwa nguvu ya mbio. Nikamwambia fundi ajenge vile, ila kwa simiti. Aliniangalia, akafungua mdomo, akafunga. Mtu anayelipwa na mimi hafungui mdomo mara mbili.

Siku ya soko wakanileta. Vijana wawili wakarudi nyuma, wakakimbia nami kama wilbaro. Tulifika katikati. Hapo kiti kilisimama, kikafikiria, kikaanguka kinyume. Niliona mbingu, halafu nikaona miguu ya wanawake wanaouza kunde. Walininyanyua kwa makwapa, mmoja huku mmoja kule, kama mbuzi anayepelekwa kwa bucha, na bucha ya jirani yangu Musyoka iko pale pale. Musyoka alitoka na aproni yake ya damu akasema, "Mzee Kitheka, huyu sijaagiza."

Watu walicheka. Hata mimi kwa siku nyingine ningecheka. Nilisema nirudishwe nyumbani, na sikutoka tena. Mbinya ndiye alifungua duka na kulifunga. Kliniki nilienda na nikarudi. Mahali pengine, hapana.

Vidonge vya mwisho nilivimeza kabla ya mvua za Aprili. Mwende, binti yetu anayefanya kazi ya kufua nguo katika hoteli Mombasa, akaja akaniangalia. Akasema, "Baba, unakuja kwangu. Kuna mahali nataka uone."

"Nimeona mahali pengi."

"Hii hujaona. Unatembea kando ya bahari na hicho kiti, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuna ngazi."

"Hakuna ngazi hata moja?"

"Hata moja, Baba."

Sikuamini. Hiyo ndiyo sababu nilienda, usidhani ni bahari. Mimi ni fundi. Mahali panaposhuka kutoka barabara ya juu mpaka majini lazima pana ngazi, ama pana uongo. Nilitaka kuona uongo uko wapi. Tulishuka na gari la mpwa wangu mpaka Kibwezi, tukapanda treni, na Mbinya alibeba kiondo ambacho hakijaisha, na uzi wake.

Kesho yake jioni Mwende akanisukuma kupitia mji wa kale. Nilishangaa sana. Nyumba za mawe, ndefu, zimekaribiana kama watu wanaosengenya. Milango yake imechongwa vizuri hata sisi Wakamba tunaojua kuchonga tungenyamaza. Lakini niliona pia vizingiti: virefu, na ngazi mbele yake, nyumba baada ya nyumba. Nikamwambia Mbinya, "Unaona? Hata hawa wa zamani walitaka watu wapande kuwafikia."

"Kumbe una ndugu huku," akasema.

Halafu tukatokea kwenye njia yenyewe. Ni pana, imesakafiwa, ina ukuta mfupi upande wa bahari ili gurudumu lisitoroke. Na bahari hiyo hapo. Nilitazama kwa muda. Mimi nimezaliwa mahali ambapo tunachimba mchanga wa mto uliokauka kutafuta kikombe kimoja. Nikauliza, "Maji yote haya, na hakuna mtu amekuja na mtungi?"

"Ni ya chumvi, Baba."

"Ndiyo, najua ni ya chumvi. Nauliza tu."

Mbinya aliuliza mbona yanapumua. Mpaka leo nafikiria swali hilo.

Nikainama kuangalia sakafu. Viungo vya vigae vilikuwa vimejazwa sawasawa, gurudumu dogo la mbele halikunasa mahali. Nilikuwa bado nimeinama niliposikia sauti:

"Hujambo baba! Wewe ni abiria au dereva?"

Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa buibui, yuko kwenye kiti kama changu lakini chake kimechakaa kwa kazi. Hakuna mtu nyuma yake. Baadaye nilijua anaitwa Bi Zuhura, ni mshonaji, na miguu yake ilipooza alipokuwa mtoto.

"Mimi ni mgonjwa," nikasema.

"Sikukuuliza ugonjwa. Nimekuuliza abiria au dereva. Mikono yako ina nini?"

"Hii mikono imejenga nyumba!"

"Basi mbona imelala mapajani kama mikono ya bibi harusi?" Akamgeukia Mwende. "Mwanangu, mwachie baba yako. Hatakwenda Pemba."

Mwende akaachilia. Bi Zuhura akanionyesha: usishike tairi, shika duara la chuma lililo kando yake, usivute kwa pupa, sukuma ndefu halafu achia. Nilisukuma. Kiti kikaenda. Kikaenda kwa sababu yangu, unaelewa? Tangu wakati wa mbaazi kukauka, kila mahali nilipokwenda kulikuwa na pumzi ya mtu mwingine juu ya kichwa changu. Sasa nilisikia upepo tu.

"Ukichoka useme," Bi Zuhura akasema akiwa ameshaniacha. "Bahari haihami."

Tulifika mahali ambapo njia inashuka kutoka juu hadi chini karibu na maji. Nikasimamisha kiti. Hapa ndipo nilipokuwa nimekuja kuukamata ule uongo. Lakini njia haikushuka wima. Ilishuka kidogo kidogo kuelekea kushoto, ikafika mahali tambarare pa kupumzika, ikageuka, ikashuka tena kidogo kidogo kuelekea kulia. Niliitazama mpaka shingo ikauma, halafu nikacheka peke yangu.

"Mbinya! Unaona hii ni nini?"

Mbinya akaangalia. "Ni mtaro," akasema.

Ndiyo. Wale wasiojua, niwaeleze. Kwetu, shamba la kilimani halilimwi hivi hivi. Kikundi cha mwethya, yaani majirani waliokubaliana kusaidiana kazi, kinachimba matuta, na juu yake mtaro wa kukinga maji. Mtaro ukiuchimba wima, mvua inakata shamba na kulipeleka mtoni. Unaulaza kando ya kilima, unayateremsha maji taratibu kama unamshika mkono mzee. Tulikuwa tunaambiana tukichimba: maji yatembezwe, yasikimbizwe. Mimi na Mbinya tulikutana kwenye mwethya hiyo, yeye akishika fimbo upande mmoja wa uzi na mimi upande mwingine. Nimelaza mitaro nusu ya Migwani. Lakini nilipotaka kujipandisha mwenyewe, nilikumbuka wilbaro.

"Toa uzi," nikamwambia.

Akatoa uzi wa kiondo. Mwende akashika ncha moja juu kabisa, mahali njia inapoanza kushuka. Mbinya akasimama chini, kwenye kona, na bakora yangu ya uzee ambayo bado naibeba kitini. Chupa ya maji nusu tukaifunga kwa uzi katikati, imelala, itusomee usawa, vile tulivyozoea. Na mimi nikawa napiga kelele kutoka kwenye kiti: "Inua! Shusha! Maji bado yanakimbilia kwako, Mbinya, inua!" Tulipopata usawa, Mbinya akatia alama kwenye bakora pale uzi ulipogusa, kuonyesha njia imeshuka kiasi gani, kisha akatandaza uzi chini kufuata njia na kupiga fundo.

Sikuona watu wakikusanyika. Mzee mmoja mwenye kofia akauliza, "Hawa wanapima nini?"

Mwingine akajibu, "Si unawasikia wanavyosema? Wabara. Wameanza kupima."

"Wapime bahari?"

"Bahari ndiyo iliyobaki!"

Askari wa pale akaja mbio, kijana mpole lakini uso umekaza. "Mzee, samahani. Nani amewatuma? Hapa ni pa umma. Hapauzwi, hapagawiwi."

Nikaona hatari. Mwanamume wa bara, mke wa bara, uzi na fimbo, tunapima ufuo wa watu. Hata mimi mtu wa Pwani angekuja Migwani akanyoosha uzi mbele ya duka langu, ningechukua panga kwanza na kuuliza baadaye. Nilitaka kueleza, Kiswahili kikanikimbia, nikaanza Kikamba. Hapo mambo yakaharibika zaidi.

Bi Zuhura akapenya kwa kiti chake, watu wakaruka kuokoa vidole. "Kuna nini? Mwacheni mzee wangu!"

"Bi Zuhura, huyu anapima uwanja."

Akanigeukia. "Baba, wapimia nini?"

"Mlango," nikasema. "Mlango wa duka langu, Kitui. Nilijenga rampu ikaniangusha mbele ya soko zima. Nataka kujua hii yenu inashukaje."

Yule mzee wa kofia akasema, "Laa! Kumbe ni mlango," akamnyang'anya Mwende ncha ya uzi. "Binti, wewe hushiki sawa. Lete hapa." Askari naye akaenda akamshikia Mbinya bakora. Tulipima upande wa pili na nusu ya mji wakitushauri, kila mtu fundi, kila mtu anapiga kelele kuhusu ile chupa. Mbinya akatia alama ya pili, akapiga fundo la mwisho, akaukunja uzi ndani ya kiondo.

Bi Zuhura aliniambia tulipoagana, "Nyumbani kwangu mimi kuna vidato vya ngazi. Nabebwa kuingia, nabebwa kutoka. Hapa ndipo nilipo dereva. Wewe duka ni lako, huna mtu wa kumlaumu. Jenga." Alikuwa amekwisha kugeuka.

Nyumbani, siku ambayo si ya soko, tulisimamisha bakora mlangoni, alama zake mbili zikijumlishwa zikalingana na kimo cha kizingiti cha duka, tukatandaza uzi kutoka hapo. Ukapita ngazi zangu. Ukapita mwisho wa ukuta wangu. Fundo la mwisho likaangukia mbele ya bucha ya Musyoka, pale anapofunga mbwa wake. Hata tukikunja kona kama ile ya baharini, kona yenyewe ilitaka uwanja wake.

Mbinya alikaa kwenye ngazi akaendelea kusokota.

Sijui wewe ni mtu wa namna gani, lakini mimi sijawahi kumwomba mtu ardhi, hata ya kusimama. Vidonge nilivimeza. Kugeuzwa kama chapati niligeuzwa. Hili ndilo lilikuwa gumu. Nilisukuma kiti mwenyewe mpaka mlango wa bucha.

"Musyoka."

"Mzee."

"Nataka hapa mbele yako. Kona ya rampu ikae hapa. Nakuomba."

Akapangusa kisu, pande zote mbili. "Umejifungia nyumbani tangu ile siku, nikadhani ni maneno yangu yalikuumiza. Kumbe shida ni kona?"

"Maneno yako pia yaliniumiza."

"Yalikuwa mabaya," akasema. "Lakini yalichekesha."

"Yalichekesha," nikakubali.

Akaenda akafungua mbwa, akamfunga kwingine.

Mwethya ilikuja. Si kwa duka la mtu, mwethya haifanyi kazi ya biashara, na wazee walinikumbusha hilo. Mchungaji ndiye aliyesema kwamba hili si duka, ni mguu wa mtu. Wakabeba mawe. Mimi niliwaelekeza kutoka kwenye kiti, na yule fundi wa kwanza nilimwambia afungue mdomo mara nyingi anavyotaka. Aliufungua sana. Simiti ikamwagwa, ikafunikwa magunia, ikanyweshwa maji asubuhi na jioni ili isipasuke. Kungoja huko sikukuchukia. Nilikuwa nimefundishwa na benchi.

Siku ya soko, nilikuta wengine wamenitangulia. Mama mwenye mtoto mgongoni na debe mkononi alikuwa anateremka na rampu mpya. Musyoka alikuwa ameipanda kwa mkokoteni wenye paja la ng'ombe, akidai anaijaribu. Nikawaambia watoke.

Nilisukuma ndefu, nikaachia. Nikafika kwenye kona, mbele ya bucha, nikapumzika kama njia inavyotaka. Wanawake wa kunde walikuwa wananitazama. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga makofi, nashukuru. Nikageuka, nikasukuma tena. Gurudumu dogo likagonga kizingiti kidogo, likapita. Nikawa ndani. Harufu ya simiti na mafuta ya taa, vile vile nilivyoiacha.

Nikazunguka nyuma ya kaunta, mahali pangu. Na mbele ya uso wangu kukawa na mbao. Kaunta niliyoijenga mwenyewe, ndefu, ya kusimamia, ilikuwa imenifunika mpaka juu ya kichwa.

Mteja akaingia. Nikasikia viatu vyake, nikasikia akigonga mbao kwa sarafu.

"Hodi! Hapa kuna mtu kweli?"

"Mwenyewe yuko!" nikapiga kelele kutoka huko chini. "Unataka nini?"

Akashtuka, akainama juu ya kaunta akinitafuta. Alitaka misumari ya bati. Nikampimia. Alipotoka nilimwita Mbinya alete msumeno.